Mgandamizo Mmoja au Miwili? Historia Fupi ya Injini na Neno Lake

Neno la fundi huzaliwa mbele ya mashine. Mashine ikibadilika, neno hubaki, na aghalabu maana yake husinyaa pasipo mtu kutambua. Katika makala haya tunakusudia kulionyesha jambo hilo kwa neno moja, nalo ni mgandamizo, ambalo katika gereji nyingi huitwa kompresheni. Mfano wetu umetokana na pikipiki moja kuukuu, aina ya BSA Bantam, iliyoundwa upya kisha ikakataa kuwaka.

Yafaa kwanza tuieleze asili ya pikipiki hiyo. Kiwanda cha DKW kilikuwa katika mji wa Zschopau, Ujerumani, nacho kiliasisiwa na Jørgen Rasmussen, mtu wa Denmark. Mwaka 1939 kiwanda hicho kilitoa pikipiki ndogo iliyoitwa RT 125. Injini yake ilikuwa ya mapigo mawili, nyepesi, na yenye vipande vichache. Ujerumani iliposhindwa vitani mwaka 1945, michoro yake ilichukuliwa na washindi kuwa sehemu ya fidia. Warusi wakaitengeneza kwa jina la Moskva; Wamarekani wakaitoa katika kiwanda cha Harley-Davidson; Waingereza wakaiita Bantam, wakaanza kuiuza mwaka 1948. Wajapani nao walipotoa pikipiki ya kwanza ya Yamaha mwaka 1955, waliifuata RT 125 hiyo hiyo.

Waingereza hawakuinakili jinsi ilivyokuwa. Desturi yao wakati ule ilitaka gia zibadilishwe kwa mguu wa kulia, basi waliigeuza injini nzima kama taswira katika kioo, cha kushoto kikawa cha kulia. Silinda yake ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 123. Vijana wa posta wa Uingereza walizipanda kupelekea simu za maandishi, na Bantam ziliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1971. Tunaona basi kwamba kila taifa liliipokea mashine ile ile, likaipa jina lake na kuirekebisha ilingane na desturi zake. Ndivyo lugha zinavyofanya kwa maneno. Kiswahili kilipoipokea mashine ya namna hii kiliusikiliza mlio wake, kikaiita pikipiki, na wengine wakaiita tukutuku.

Sasa tuirudie pikipiki yetu. Mwenyewe aliirithi kwa baba yake, ikiwa imelala ghalani miaka mingi. Alimpa fundi kijana, hodari wa kazi yake, akaifungua yote. Silinda ilichongwa upya, pistoni na ringi zikawa mpya, kabureta ikasafishwa, tanki likaondolewa kutu. Ilipokamilika ilipendeza kuitazama. Lakini ilipopigwa kiki haikuwaka. Ikapigwa tena mpaka mguu ukachoka.

Fundi alifuata utaratibu ambao mafundi wote wanaujua, yaani kuuliza maswali matatu: Je, moto upo? Je, petroli inafika? Je, kompresheni ipo? Aliichomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Cheche ikaruka, ya buluu na yenye nguvu. Kwa kuwa cheche njema ikija wakati usiofaa haina manufaa, alilinganisha pia saa ya cheche na mahali pa pistoni, akakuta vimepatana. Alitazama kabureta, ikawa imejaa. Aliziba tundu la plagi kwa kidole, na kidole kikasukumwa kwa nguvu. Akaandika katika daftari lake: kompresheni ipo. Jambo moja tu lilimtatiza: kila alipoichomoa plagi aliikuta kavu.

Kwa siku mbili fundi huyo aliitafuta hitilafu mahali isipokuwapo. Aliifungua kabureta mara tatu, akabadili plagi, akabadili waya. Siku ya tatu alipita mzee mmoja aliyezifanyia kazi pikipiki za namna hiyo ujanani mwake. Alisikiliza maelezo, kisha akauliza swali moja: “Kompresheni ipi, mwanangu? Ya juu au ya chini?”

Msomaji atatambua kwamba swali lile lilikuwa la ufundi na la lugha kwa pamoja. Katika injini ya mapigo mawili ya namna hii, pistoni hufanya kazi pande zake zote mbili. Inapopanda, huugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli juu yake, na papo hapo huvuta mchanganyiko mpya kutoka kwenye kabureta uingie katika chemba ya krenki iliyo chini. Inaposhuka, huugandamiza ule wa chini, nao hupanda kwa njia za pembeni kuingia silindani. Chemba ile isipozibika barabara, injini huvuta hewa kupitia ufa badala ya kuvuta petroli kupitia kabureta. Plagi hubaki kavu, ingawa kidole kilichoziba tundu lake kinasukumwa vizuri.

Mzee aliwaelekeza waifungue magneto, wazibe matundu ya silinda na ya kabureta, wapulize hewa kidogo ndani, kisha wapake povu la sabuni pembeni mwa krenki. Mapovu yakatoka. Sili za oili zilikuwa zile zile za zamani. Zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu, nazo zilirudishwa kwa kuwa machoni zilionekana nzima. Zilipowekwa mpya, pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili.

Je, tumlaumu fundi kijana? La. Yeye alijifunza kazi kwa pikipiki za bodaboda, ambazo nyingi ni za mapigo manne. Katika hizo chemba ya krenki ni mahali pa oili tu, na mgandamizo unaotafutwa ni ule wa juu peke yake. Neno alilorithi lilikuwa sahihi kwa mashine aliyoizoea. Mashine zilipobadilika, nusu ya maana iliondoka pamoja na wazee walioijua, na hakuna kamusi iliyomwonya. Gharama yake ilikuwa siku mbili za kazi bila ujira, na heshima ya fundi mbele ya mteja wake.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza maneno mawili yatenganishwe: mgandamizo wa silinda kwa ule wa juu, na mgandamizo wa chemba kwa ule wa chini. Maneno hayo si mapya. Tumeongeza tu jina la mahali. Kadhalika tunashauri kwamba kila istilahi ya ufundi inaposanifiwa, isemwe ni ya mashine gani, na mafundi wazee waulizwe kabla ya meza ya kamati kuamua. Wasomaji walio karibu na gereji tunawaomba watuletee maneno wanayoyasikia huko, pamoja na maelezo ya kazi yanayoifanya. Wazee wanaoyajua hawaongezeki.