Ndoo ya Maji na Kitabu cha Merikebu

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe darasani pamoja na mwalimu.)

Leo tunaendelea na masomo yetu ya historia. Habari yetu si ya wafalme wala ya vita, bali ni ya hesabu zilizoandikwa na mabaharia, na taabu iliyotokea zilipokusanywa pamoja.

Tuanze na jambo mnalolijua. Watu wawili wa kijiji kimoja wanapima joto la hewa. Wa kwanza anaandika, "Saa 3, digrii 24." Wa pili anaandika, "Saa 9, digrii 24." Mgeni akisoma atadhani walipima kwa nyakati mbili mbali mbali. Kumbe wa kwanza amehesabu saa kwa Kiswahili, na wa pili kwa Kizungu. Saa ni ile ile moja ya asubuhi. Hakuna aliyekosea hesabu. Kilichokosekana ni maelezo.

Basi jambo kama hili liliwapata wenye elimu ya bahari. Katika karne ya 19 Matthew Fontaine Maury, luteni wa jeshi la maji la Marekani, alikusanya vitabu vya safari vya merikebu ili ajue njia za pepo na mikondo ya maji. Lakini kila taifa liliandika kwa desturi yake. Kwa hiyo mwaka wa 1853 wajumbe wa nchi 10 walikutana Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Mwenyekiti wao alikuwa Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu na nyota. Wakapatana kitabu cha namna moja: safu ya upepo, safu ya joto la hewa, safu ya joto la maji, na kadhalika.

Je, taabu ikaisha? La, haikuisha. Safu zilikuwa za namna moja, lakini njia za kupima zilikuwa mbali mbali. Mabaharia wengine waliteremsha ndoo baharini, wakaivuta juu, wakatia kipimajoto ndani. Ndoo nyingi zilikuwa za turubai. Mnajua jinsi mtungi wa udongo unavyopoza maji, kwa kuwa unyevu hutoka nje na kukauka. Ndivyo ilivyokuwa kwa ndoo ya turubai: maji yalipoa kidogo kabla ya kupimwa. Mabaharia wengine walipima maji yaliyovutwa kwa bomba ili kupoza mashine za meli. Maji hayo yalipita karibu na chumba cha mashine, yakapata joto kidogo. Bahari ni moja, siku ni moja, lakini hesabu ni mbili. Na mara nyingi hakuna aliyeandika kama ni ndoo au ni bomba.

Sasa tazameni matokeo yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tangu Januari 1942 hata Agosti 1945, karibu hesabu 80 katika kila 100 zilitoka katika meli za Marekani, ambazo nyingi zilipima maji ya bomba. Vita ilipokwisha meli za Uingereza zilirudi kwa wingi baharini, nazo zilitumia ndoo. Baadaye, mwaka wa 1985, hesabu za miaka mingi zilitolewa pamoja katika mkusanyo mmoja mkubwa wa kompyuta. Ndani yake ilionekana kwamba mwishoni mwa mwaka wa 1945 joto la bahari za dunia lilishuka ghafula, karibu 0.3 ya digrii. Je, dunia ilipoa? Mwaka wa 2008 wataalamu wanne walieleza ya kuwa sehemu kubwa ya mshuko ule haikutoka baharini. Ilitoka katika ndoo. Lakini msidhani ya kwamba joto la dunia halikupanda katika karne ile. Lilipanda. Walichosahihisha ni kosa la miaka ile tu.

Siku hizi vipimo ni vingi sana. Kuna vyombo vinavyoelea baharini, na vingine angani, vinavyoandika mchana na usiku bila ya mtu. Hakuna mtu awezaye kusoma hesabu zote hizo. Kompyuta ndiyo inayozisoma, nayo haina akili ya kukisia. Kwa ajili hiyo wataalamu wametunga kitu kiitwacho ontolojia. Maana yake ni mapatano ya maneno, pamoja na jinsi kila neno linavyohusiana na jingine. Mapatano ya namna hii kwa vyombo vya kupimia yalitolewa mwaka wa 2011, yakatengenezwa zaidi na kukubaliwa rasmi mwaka wa 2017.

Mapatano hayo yanauliza maswali kama haya. Kitu gani kimepimwa? Maji ya bahari. Sifa yake ipi? Joto. Kwa chombo gani? Kipimajoto. Kwa njia gani? Ndoo. Lini? Jibu ni nini? Kompyuta ikipata majibu hayo, inaweza kujua kwamba majina mawili ni ya kitu kimoja, au kwamba jina moja limefunika vitu viwili.

Lakini sikilizeni vema. Ontolojia haiwezi kufufua neno ambalo halikuandikwa. Baharia aliyeacha kuandika "ndoo" aliwapa wataalamu wa baadaye kazi ya miaka mingi. Mkulima anayetegemea habari za mvua, na mvuvi anayetegemea habari za bahari, wote hupata hasara kwa maelezo yaliyokosekana.

Nanyi, wanafunzi, mmekwisha jua kuandika. Mkiandika kipimo cha mvua, au uzito wa mtoto, au magunia ya mahindi, msiandike hesabu peke yake. Andikeni siku, chombo, na namna mlivyopima.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini maji ya ndoo ya turubai yalipoa?
2. Mapatano ya mwaka wa 1853 yalipungukiwa na nini?
3. Taja vipimo viwili vya kwenu vyenye jina moja lakini kadiri mbali mbali.

Kwa herini, hata somo lijalo.