Mpira Unaopita Juu: Lobu, Kanzu na Ardhi ya Dar es Salaam

Ukiwauliza wanaocheza tenisi kwa kujiburudisha ni mpigo gani huwakolea zaidi, wengi watataja mpira wa kuanzisha ambao mpinzani hakuugusa, au smashi iliyodunda ikaruka uzio. Majibu hayo yana harufu ya televisheni. Mchezaji wa jioni, mwenye kitambi kidogo na raketi ya kuazima, hubahatika kupiga mpira wa namna hiyo mara chache, na akiupata hana hakika kama ulikuwa ufundi au bahati. Mpigo anaoondoka nao kiwanjani akiusimulia ni lobu: mpira uliobetuliwa ukapita juu ya kichwa cha mtu aliyesogelea wavu, naye akabaki kugeuka. Hoja yangu ni kwamba utamu huo una historia, na historia yenyewe ni ya ardhi. Lobu ni mpigo wa mtu aliyezibiwa mbele. Dar es Salaam ni mji uliopangwa kwa namna iliyowazibia wengi mbele, na ndiyo maana watu wa Kinondoni na Temeke walikwishauonja utamu wa mpira unaopita juu bila kuhitaji raketi. Waliupata kwa miguu, katika kanzu ya chandimu, kandanda ya uchochoroni.

Tenisi ya nyasi ilikuwa bado changa, mbunifu wake, Wingfield, akiwa ameiombea hati ya umiliki mwaka 1874, pale mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalipochezwa mwaka 1877. Mshindi, Spencer Gore, alifanya jambo ambalo wenzake hawakulitegemea: alisogea karibu na wavu akawa anaupiga mpira kabla haujadunda. Mpinzani akipeleka kushoto, Gore yupo. Akipeleka kulia, yupo. Mwaka uliofuata alikutana na Frank Hadow, mkulima wa kahawa kutoka Ceylon aliyekuwa likizo nyumbani Uingereza. Hadow alitazama kiwanja kilivyozibwa, akaona kwamba sehemu pekee iliyobaki wazi ilikuwa hewani, akaanza kumpitishia Gore mipira juu ya kichwa. Alishinda seti tatu mfululizo, akarudi zake shambani Ceylon, na hakuutetea ubingwa wake. Ile smashi inayopewa heshima zote leo ilikuja baadaye, ikiwa dawa ya lobu. Walioinoa ni mapacha wa Renshaw katika miaka ya 1880, na mmoja wao, William, akatwaa ubingwa wa Wimbledon mara saba. Kwa hiyo anayesema smashi ni baba wa mipigo amekigeuza kizazi juu chini.

Hadow alikuwa mtu wa makoloni, na tenisi ilisafiri na watu wa aina yake, wakulima na maofisa, hadi huku kwetu. Ilipofika Dar es Salaam ilikuta mji ambao ardhi yake ilikuwa inagawanywa kwa rula. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizopanga nyumba gani ijengwe wapi. Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliziendeleza hadi mji ukawa na kanda tatu. Maandishi ya sheria yalizungumzia aina ya jengo badala ya rangi ya mtu, lakini wakazi hawakudanganyika: waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya maduka ya Wahindi na mitaa ya Kariakoo ukaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja, usijengwe, uwe mpaka. Klabu ya Gymkhana, yenye gofu na tenisi, ilipata eneo pana kati ya ufukwe wa Wazungu na Upanga, na eneo hilo lipo mpaka leo. Wagoa na Waismaili nao walikuwa na klabu zao. Mwafrika aliyeingia kiwanja cha tenisi enzi hizo aliingia kufagia mistari au kuokota mipira, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki huko kuokota ndiko kulikokuwa shule ya tenisi ya vijana wachache waliofanikiwa kushika raketi wenye klabu walipokuwa wamekwenda kunywa chai.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia mji ulifura. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,227. Ya 1957 ikahesabu 128,742. Ya 1967 ikafika 272,821. Mpango mkuu wa mji wa 1949, uliotayarishwa na kampuni ya wahandisi ya Alexander Gibb, ulitenga maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa, na huhitaji kuambiwa nani aliwekwa wapi. Magomeni, Temeke na Kinondoni zilikua katika fungu la tatu. J.A.K. Leslie, aliyeichunguza mitaa ya Waafrika mwaka 1956, aliukuta mji wa wapangaji: nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma, na kila chumba na watu wake. Kiwanja kimoja cha tenisi, ukijumlisha nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni, hudai takriban mita 36 kwa 18. Katika eneo hilo, uswahilini, zingeshushwa nyumba kadhaa na wapangaji wao wote. Mtu anayeuliza kwa nini Temeke haikutoa wacheza tenisi mapema apewe futi kamba, aende akapime.

Mchezo uliotosha katika nafasi iliyobaki ni chandimu. Mpira wake ni wa makaratasi au matambara yaliyofungwa kwa kamba. Baadaye ikatawala mifuko ya plastiki, mpaka marufuku ya Juni 1, 2019 ilipoiondoa mitaani. Magoli ni mawe mawili au matofali, madogo kiasi kwamba golikipa hana kazi. Uchochoro una ukuta huku, mtaro kule, na mama anayekaanga maandazi hawezi kuhamishwa. Wachezaji wakiwa watano kila upande, hakuna njia ya pembeni ya kukimbilia na hakuna pasi ndefu ya kupigwa. Mchezaji anayekabiliwa ana njia mbili tu. Ya chini ni tobo, mpira kati ya miguu ya mkabaji. Ya juu ni kanzu: unaingiza vidole vya mguu chini ya mpira, unaunyanyua umpite kichwani, unamzunguka na kuupokea mgongoni kwake. Kanzu haihesabiwi kama goli. Hata hivyo watazamaji waliokalia ndoo huisherehekea kuliko goli, na aliyevishwa atakumbushwa kesho yake akiwa kwenye foleni ya maji. Msisimko huo ni ule ule uliompata Hadow: upana umekwisha, urefu umekwisha, lakini juu hapajapimwa viwanja wala kugawiwa kanda.

Atakayebisha kwanza ni mpenzi wa nguvu. Atasema raha ya mchezo ni kupiga, na kwamba lobu ni mpigo wa mtu aliyeshindwa kupiga. Nakubali kwamba lobu nyingi hupigwa kwa kukata tamaa. Hizo ndizo zinazoishia kwenye smashi ya mwenzako. Lakini tuzungumze kuhusu muda. Mpira wa kuanzisha wa mabingwa humfikia mpokeaji ndani ya nusu sekunde au pungufu. Aliyepiga hana nafasi ya kuufurahia, anajua tu kwamba umekwisha. Lobu inayopanda mita saba hukaa hewani zaidi ya sekunde mbili, na katika sekunde hizo wote wanne kwenye mchezo wa wawili wawili wanatazama juu pamoja, mmoja akijua, wengine wakihesabu. Wala si kwamba mpigo laini ni wa wasiojiweza. Katika fainali ya Wimbledon ya 1975, Arthur Ashe alikabiliana na Jimmy Connors, kijana aliyekuwa akiwavunja watu kwa nguvu za mipira yao wenyewe. Ashe alimnyima nguvu hizo: akampa mipira ya polepole, ya chini, na lobu kila Connors alipojongea mbele, akashinda 6–1, 6–1, 5–7, 6–4. Huyu Ashe alijifunzia Richmond, Virginia, katika bustani ya weusi peke yao ambayo baba yake alikuwa msimamizi wake, kwa kuwa viwanja vya weupe hakuruhusiwa kuvikanyaga. Sidai kwamba ubaguzi ndio uliomfundisha lobu. Nasema tu kwamba mji wetu haukuwa peke yake katika kugawa michezo kwa kugawa ardhi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba ninapamba ufinyu, nikiugeuza uhaba wa viwanja kuwa neema. Hapana. Kueleza ladha ilikotoka si kuisifu njaa iliyoileta. Watoto wa Kinondoni wangepewa viwanja wangevichezea, na uvamizi wa maeneo ya wazi, ambao magazeti yameuandika kwa miongo, ni hasara isiyofidiwa na kanzu hata elfu moja. Tena mtu anaweza kusema kwamba kanzu ipo Brazili pia, ambako Pelé, akiwa na miaka 17, alimpitishia beki mpira juu katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1958 dhidi ya Sweden kisha akafunga kabla haujagusa chini. Basi Dar es Salaam ina upekee gani? Haina, na sikuudai. Brazili nayo ilicheza mpira wake mwingi mitaani na kwenye vichochoro. Mkulima wa Ceylon, mvulana wa Brazili na kijana wa Tandika hawakuigana. Kila mmoja alizibiwa mbele kwa namna yake, akaangalia juu.

Linalobaki kunisumbua ni Uwanja wa Benjamin Mkapa. Uko Temeke, ulifunguliwa mwaka 2007, unaingiza watu 60,000, na nyasi zake ni pana kuliko uchochoro wowote wa Mtoni. Kama kanzu ni mtoto wa uchochoro, ingepaswa kupoteza thamani pale, ambako pasi ya upande ni rahisi na salama zaidi. Benchi la ufundi linalijua hilo. Mchezaji akijaribu kanzu katikati ya uwanja, kocha huonekana akipiga kelele kando ya mstari. Ila jukwaani, Simba na Yanga kwa pamoja, watu husimama. Mashabiki hao hawakuletwa na nyasi. Wametoka Tandika, Mbagala, Manzese na Mwananyamala, na wanachokishangilia walijifunza kukishangilia mahali ambapo pasi ya upande ingegonga ukuta wa jirani.