Taa Tatu za Bangwe: Tarehe ya Dagaa wa Kigoma

Ukitoka Kigoma mjini kwenda Katonga unapita Bangwe, rasi ya vilima iliyojitokeza ziwani kusini mwa bandari. Upande mmoja ni ghuba ya Kigoma na meli zake. Upande wa pili ni maji mapana ya Ziwa Tanganyika na, siku ya mbingu safi, milima ya Kongo ng'ambo. Usiku wa giza unaziona taa za wavuvi kuanzia maji ya Kibirizi kaskazini hadi ya Ujiji kusini.

Tarehe hii, yaani historia, ni ya taa hizo. Kila taa ilipobadilika, kazi ya dagaa ilibadilika nayo: chombo, wavu, mwenye mali na mnunuzi. Taa ya kwanza ilikuwa ya kuni, ya pili karabai, ya tatu ni ya jua. Na mwaka 2024 Tanzania iliamua kwamba kwa miezi mitatu pasiwashwe taa ya dagaa hata moja.

Taa ya kuni

Kabla ya reli na kabla ya meli, mvuvi wa pwani hii alikuwa Mjiji, ndugu wa Waha wa bara. Mtumbwi wake ulichongwa kwa gogo moja, na mara nyingi gogo hilo lilitoka kwenye misitu ya Ugoma, ng'ambo ya ziwa. Usiku aliwasha moto wa kuni mtumbwini, dagaa wakaufuata mwanga, akawachota kwa lusenga, wavu uliofungwa kwenye duara la mti na mpini mrefu. Alichopata kilipimwa na nguvu za mkono wake na wingi wa kuni alizopakia.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakakuta samaki wakiuzwa sokoni. Mji ulikuwa kituo cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa, wenye wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka pwani ya bahari. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone papo hapo Ujiji, na Novemba ya mwaka huohuo wakaondoka pamoja kwa mtumbwi kuelekea kaskazini, wakipita Bangwe, ili wajue kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wakaona unaingia.

Mwaka 1878 akaja Edward Hore wa Shirika la Wamisionari wa London. Alilikuta ziwa likiwa juu sana, kisha akashuhudia likipungua, kwa kuwa maji yalikuwa yamezibua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo. Ufuko wa Ujiji ukarudi nyuma. Ndiyo sababu leo mahali pa kumbukumbu ya Livingstone pako mbali na maji. Wenyeji walioona nyumba za Katonga na Ujiji zikiingiliwa na maji kuanzia 2019 na 2020 hawapaswi kushangaa sana: ziwa hili lina desturi ya kudai ufuko wake na kuurudisha.

Zama za kuni zilikuwa na sheria moja ambayo hakuna mtawala aliyeitunga. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa mtumbwi haumvuti dagaa, kwa hiyo mvuvi hulala nyumbani, hushona nyavu, huziba mitumbwi. Kila mwezi ziwa lilipata siku zake za kupumzika. Desturi hiyo ipo mpaka leo: ukimuuliza mtu wa Katonga lini anakwenda kazini, atakuambia anangoja giza.

Taa ya karabai

Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, umbali wa kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Maji ya Ujiji ni mafupi, ya ghuba ya Kigoma ni marefu. Bandari ikahamia Kigoma na Ujiji ikabaki na historia yake. Mwaka 1915 Wajerumani waliishusha majini meli ya Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, katika Vita Kuu ya Kwanza, waliizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa. Wabelgiji waliishika Kigoma hadi 1921. Waingereza wakaiibua meli 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Kwa mvuvi, reli na meli vilikuwa na maana moja: dagaa sasa ana njia. Samaki mbichi haendi mbali, lakini dagaa aliyekaushwa ni mwepesi, haozi upesi, na hujaa kwenye gunia. Kitoweo cha pwani ya Ujiji kikawa bidhaa ya nchi nzima. Mpaka leo Kariakoo muuzaji akitaka kukupandishia bei hukuambia hawa ni wa Kigoma, na mnunuzi anayejua hakatai, kwa sababu dagaa wa Kigoma aliyepikwa kwa mawese na kuliwa na ugali wa muhogo hana mfano.

Dagaa hao ni wa aina mbili, ambazo wataalamu wanaziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Wote wawili wanazaliwa na kukua haraka, na maisha yao ni mafupi. Anayewafukuza ni mgebuka, samaki mrefu wa maji ya katikati anayewinda makundi ya dagaa kama jodari anavyowinda simu baharini. Dagaa akipungua, mgebuka naye hupungua. Na dagaa wa huku walisafiri kuliko wavuvi wake: Limnothrissa walipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakapelekwa bwawa la Kariba, ambako leo wanaitwa kapenta na wanalisha watu wa Zambia na Zimbabwe.

Karabai ndiyo iliyofungua mlango wa wingi. Taa moja ya mafuta ya taa iliyotiwa upepo inang'aa kupita mzigo mzima wa kuni. Katika miaka ya 1950 Wagiriki wa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, walianza uvuvi wa meli za chuma na nyavu za kuzungushia, na wavuvi wadogo wakapata kipe.

Kipe ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, na wavu mpana umening'inizwa katikati. Kinavutwa hadi maji ya kina, taa zinawashwa, wavu unashushwa chini ya giza la maji, kisha watu wanangoja. Dagaa hupanda usiku wakifuata wadudu wadogo wanaowala, na mwanga huwakusanya. Anayejua kazi hutazama maji chini ya taa: yakianza kumeta fedha na kuchemka, amri inatolewa, kamba zinavutwa pande zote kwa pamoja. Mmoja akichelewa, wavu unainama na samaki wanamwagika. Asubuhi mavuno yanagawanywa: gharama za mafuta hutolewa kwanza, kisha tajiri wa chombo na vijana wake hugawana kinachobaki.

Meli za Bujumbura zilivua sana, kisha mavuno yakashuka. Nyingine zikahamia Mpulungu, kusini mwa ziwa upande wa Zambia, na kufikia miaka ya 1990 uvuvi wa viwanda Burundi ulikuwa umekwisha. Hapo pana fundisho ambalo mtu wa Bangwe anapaswa kulishika. Mwenye meli ya chuma akimaliza maji ya huku anang'oa nanga. Mwenye kipe hana pa kwenda.

Taa ya jua

Karabai ilikula mafuta, na bei ya mafuta haikungoja bei ya dagaa. Taa za sola zilipoingia, wavuvi walizipokea kwa mikono miwili: betri inachajiwa mchana, taa inawaka usiku kucha, haizimwi na upepo wala haivunjiki kioo. Gharama ya usiku mmoja ikashuka. Lakini kitu kikiwa rahisi kuwashwa huwashwa zaidi: taa zikaongezeka kwa kila chombo, na vyombo navyo vikaongezeka.

Watu pia wameongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.13 mkoani Kigoma. Ya 2022 ikahesabu milioni 2.47. Vita vya Burundi na Kongo vilileta wakimbizi wengi mkoani, wakiwemo Wabembe na ndugu zao wa ng'ambo wanaojua maji vizuri. Hesabu ya vyombo na wavuvi iliyofanywa na nchi nne za ziwa mwaka 2011 ilipata wavuvi takriban 95,000. Miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba ziwa zima linatoa kati ya tani 165,000 na 200,000 za samaki kwa mwaka. Na si wote wanaovua kwa haki. Kokoro, lililopigwa marufuku, bado linaburuzwa kwenye fukwe ambako vifaranga wa dagaa hukulia, na chandarua kilichogawiwa kwa ajili ya mbu kimegeuzwa wavu. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini lawama zote zikitupwa kwa mvuvi, tarehe hii itakuwa ya uongo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Tabaka la juu tu ndilo lenye hewa ya kutosha kwa samaki. Chini ya hapo ni maji yasiyo na uhai wa samaki, lakini yamejaa rutuba. Kusi inapovuma kati ya Mei na Septemba husukuma maji ya juu, na rutuba ya chini hupata njia ya kupanda. Hiyo rutuba ndiyo hulisha mwani, mwani hulisha wadudu, wadudu hulisha dagaa.

Maji ya juu yanapopata joto huwa mepesi na kukataa kuchanganyika na ya chini. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly waliandika katika jarida la Nature kwamba joto na kupungua kwa upepo vimelipunguzia ziwa uzalishaji wake kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo lingeweza kumaanisha upungufu wa samaki wa asilimia 30 hivi. Mvuvi wa Katonga hakuwasha viwanda vilivyoleta joto hilo, ila ndiye anayeliona kwenye wavu wake.

Miezi mitatu ya giza

Tarehe 12 Juni 2003, jijini Dar es Salaam, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikaanza kazi Bujumbura 2008. Desemba 2021 nchi hizo zikakubaliana masharti ya pamoja ya uvuvi, likiwemo la kupumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka. Mwaka 2023 Burundi, Kongo na Zambia zilifunga. Tanzania iliomba muda wa kujiandaa. Mwaka 2024 Tanzania nayo ikafunga, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Kwa dagaa, hesabu hiyo ni nzuri. Samaki anayekomaa ndani ya miezi michache, akiachwa miezi mitatu katika majira ya kusi, wakati chakula kinapanda, atakua na kuzaa. Mbalamwezi ilikuwa ikimpa dagaa siku chache tu. Sheria imempa msimu.

Kwa binadamu, hesabu ina upande mwingine. Mei hadi Agosti ndiyo kiangazi cha Kigoma. Ndiyo miezi ya jua kali, dagaa wanapokauka kwa siku moja. Kazi ya kuanika ni ya wanawake zaidi: wanapokea dagaa mwaloni alfajiri, wanapima kwa ndoo, wanawatandaza, wanawageuza kwa mkono au ufagio, wanawafukuza kunguru, wanawaokoa manyunyu yakianza. Dagaa aliyeanikwa kwenye chanja hutoka msafi na hupata bei. Aliyeanikwa chini hubeba mchanga, na mnunuzi wa Kariakoo akitafuna punje moja tu bei imeanguka. Masika dagaa wengi huoza kabla hawajakauka, au huuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo sheria iliyofunga ziwa kiangazi imemwachia mwanamke wa kuanika zaidi miezi ya mvua, ambayo ndiyo mibaya zaidi kwa kazi yake.

Hukumu ya tarehe hii ni kwamba kufunga ziwa ni haki, na kuendelee. Ila nchi zote nne zifunge siku moja na kufungua siku moja, maana dagaa hawana mpaka, na mwaka wa taa kuwaka upande mmoja na kuzimwa upande mwingine ni mwaka uliopotea. Pili, fedha zinazotafutwa kwa vizimba vya kufugia samaki na boti zifike pia kwenye vichanja na makaushio ya kuezekwa, Katonga, Kibirizi, Ujiji na Bangwe yenyewe, ili dagaa wa masika asioze. Kila ndoo inayookolewa isioze ni ndoo ambayo hakuna haja ya kurudi ziwani kuitafuta. Tatu, vikundi vya usimamizi wa fukwe vipewe uwezo wa kukamata kokoro bila kumwogopa tajiri mwenye kokoro.

Wewe unayenunua dagaa Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma una sehemu yako pia. Bei ikipanda kati ya Mei na Agosti, usimtukane mchuuzi. Ulizia dagaa wa chanja, ulipe bei ya chanja, na ukatae vifaranga.