Filamu za Kifamilia na Kanda za Video, Unguja

Filamu ya kifamilia ni ile ambayo ugomvi wake mkuu umo ndani ya nyumba: baba na mwana, mume na mke, ndugu kwa ndugu, na kinachogombewa ni jina na heshima kuliko mali. Hollywood ilizitoa kwa wingi katika miaka ya 1940 na 1950, na mojawapo ya zilizo bora ni East of Eden ya Elia Kazan (1955), iliyotokana na riwaya ya John Steinbeck. Zama za video zilipowadia, filamu hizo zilifufuka kwenye kanda na baadaye DVD, zikawa akiba ya nyumbani kwa watazamaji wa Marekani na Ulaya. Unguja, nafasi hiyo ilishikwa na picha za Kihindi. Wengi husema sababu ni maadili, au ukaribu wa Zanzibar na Bara Hindi. Zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini hazitoshi. Sababu yenye uzito zaidi ni kwamba picha ya Kihindi huitoa kesi ya familia hadharani na kuwapa watazamaji nafasi ya kuiamua, ilhali ile ya Hollywood huimaliza chumbani, kwa minong'ono.

Ushahidi wa video ni muhimu kuliko wa kumbi za sinema. Mji Mkongwe ulizoea sinema mapema: ukumbi wa Royal, uliochorwa na J. H. Sinclair, ulifunguliwa Vuga mwaka 1921, na baada ya kuungua, Majestic ikajengwa mahali pake mwaka 1955. Darajani palikuwa na Empire, Malindi Cine Afrique. Lakini katika kumbi hizo aliyechagua picha hakuwa mtazamaji. Alikuwa mwenye ukumbi, msambazaji na wakaguzi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa serikali. Deki ya video iliugeuza utaratibu huo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994, kwa hiyo deki ilipoingia ilikuta seti imeshakaa sebuleni. Masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za Dubai zikamiminika, na jamaa walioko Oman na Ghuba nao wakawa njia ya kuleta vifaa na kanda. Kanda ikakodiwa, ikaazimwa, ikapita nyumba hadi nyumba. Hapo ndipo familia ilipopata kujichagulia.

Ili kuona kilichowavutia watu, tuiweke East of Eden kando ya Awara ya Raj Kapoor (1951), picha ambayo mwanahistoria Laura Fair aliikuta imekaa imara katika kumbukumbu za watazamaji wa Zanzibar. Ni visa vya ukoo mmoja. Katika zote mbili baba anayejiona mwadilifu anamkataa mwanawe, mama amepakwa doa, na swali ni lile lile: je, mtoto wa nyoka ni nyoka? Katika Awara, Jaji Raghunath anaamini hivyo kabisa. Mkewe Leela anatekwa na jambazi Jagga, anarudi akiwa mjamzito, na jaji anamfukuza kwa shaka tu. Mtoto Raj anakulia ufukarani, na Jagga ndiye anayemfundisha wizi. Hata siku ya kuzaliwa ipo katika zote mbili. Cal, kijana wa Kazan, anamzawadia baba yake pesa alizochuma kwa biashara ya maharage wakati wa vita. Baba anazikataa, na kijana anabaki analia. Katika Awara, jaji anamletea Rita, binti anayemlea, kisanduku cha mkufu. Kinafunguliwa, ndani hamna kitu. Raj naye anatoa mkufu usio na kisanduku. Hakuna anayehitaji kujua Kihindi ili aelewe ni nani aliyemwibia nani. Watazamaji wote wanajua kabla ya wahusika kujua, na kuanzia hapo kila mmoja ana la kusema.

Miisho yao inatengana zaidi. Cal anapatanishwa na baba yake kando ya kitanda cha mgonjwa, kwa maneno machache anayonong'onezwa sikioni, nasi tunayajua tu Cal anapoyarudia. Ni sanaa ya hali ya juu, na inamtaka mtazamaji anyamaze. Raj anasimamishwa kizimbani kwa kujaribu kumuua jaji, Rita anamtetea, na baba anaulizwa mbele ya umati kuhusu mke aliyemtupa. Raj anahukumiwa miaka 3, lakini aliyeaibika ni jaji. Sebule iliyojaa jamaa na majirani, ambako mtu huijibu picha, humtetea staringi na kumlaani adui kwa sauti, haiwezi kuufaidi mnong'ono. Kesi inaiweza vizuri sana.

Hoja ya maadili husema kwamba picha za Kihindi hazikuwa na busu, kwa hiyo baba aliweza kukaa na binti yake akazitazama bila haya. Ni kweli kwa picha nyingi. Lakini ndani ya Awara Nargis, anayeigiza Rita, anaonekana kwa vazi la kuogelea, na Raj anampiga makofi. Kwa kipimo hicho, East of Eden haikuwa na la kutisha zaidi. Hoja ya ukaribu ina nguvu: Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na tuni za sinema zimeimbwa kwa Kiswahili pwani nzima, Juma Bhalo wa Mombasa akiwa bingwa wake. Hata hivyo Wahindi wengi waliondoka Unguja baada ya 1964, na hamu ya picha hizo haikuondoka nao. Wako pia watakaosema kwamba Dubai ilileta kanda za Kihindi, basi watu wakatazama kilicholetwa. Dubai ilileta na za Kimarekani, na vijana wa Unguja walizipenda sana zile za vita na ngumi. Waliyempa kisogo hakuwa Mmarekani. Ilikuwa aina moja ya picha zake.

Jambo lililotokea baadaye linaipa nguvu hoja hii. Watafsiri wa Dar es Salaam, akiwemo Lufufu aliyejipatia umaarufu mkubwa, walianza kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Msimulizi hatafsiri tu. Anamshangaa baba, anamwonya kijana, anauliza swali ambalo sebule ingeliuliza. Yaani anakirudisha kile ambacho filamu ya Hollywood ilikiacha chumbani. Lakini kazi hiyo imeegemea zaidi picha za mapigano na za Kihindi, na tamthilia za kale za familia za Hollywood hazijapata bahati hiyo. East of Eden ikipata msimulizi hodari wa Kiswahili, anayejua kumhoji yule baba kuhusu zile pesa za maharage, hapo ndipo tutakapoweza kusema kwa haki kama watu wa Unguja waliikataa, au hawakupata tu kuifungulia kesi.