Kunakili CD ya muziki kwenye kompyuta

Kunakili CD ya muziki kwenye kompyuta ni kazi ya kusoma sauti iliyorekodiwa kwenye diski na kuihifadhi kama mafaili, ili nyimbo ziweze kuchezwa bila ya diski yenyewe. Katika lugha ya mitaani huitwa pia "kurip". Ni kinyume cha "kuchoma" CD, ambako mafaili hutoka kwenye kompyuta na kuandikwa kwenye diski tupu.

Faili linalopatikana linaweza kuwa huru, yaani kuchezwa kwenye kifaa chochote, au kufungwa kwa kinga inayolizuia kuchezwa nje ya kompyuta iliyolitengeneza. Kwa kawaida kinga hiyo haimo ndani ya CD, bali huwekwa na programu inayotumika kunakili.

Sauti ndani ya CD

Kanuni za CD ya muziki zilitungwa na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980, na CD za kwanza zilianza kuuzwa mwaka 1982. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stereo, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Hivyo dakika moja ya muziki huchukua takriban megabaiti 10.6, na wimbo wa dakika nne takriban megabaiti 42. Kanuni hizo hazikuweka kufuli lolote.

CD ya muziki haina mafaili ya kawaida. Katika Windows huonekana vifaili vyenye kiishio cha .cda, lakini kila kimoja kina baiti 44 tu na huonyesha mahali wimbo unapoanzia kwenye diski. Mtu akivihamishia kwenye flashi na kuitoa CD, hatasikia kitu. Ndiyo sababu inahitajika programu ya kusoma sauti yenyewe.

Diski zinazofanana na CD ya muziki

Katika Afrika ya Mashariki nyimbo nyingi, hasa za kwaya, ziliuzwa kama VCD, yaani diski yenye picha na sauti. Diski hiyo ina folda iitwayo MPEGAV yenye mafaili ya .DAT. Mafaili hayo huchezwa na programu kama VLC, ambayo pia inaweza kutoa sauti peke yake na kuihifadhi. Diski nyingine huwa na mafaili ya MP3 tayari. Hizo hunakiliwa kama faili lolote.

Kinga ya kunakili

Kampuni kadhaa za muziki zilijaribu kuongeza kinga kwenye CD mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Sony BMG mwaka 2005. Baadhi ya CD zake zilikuwa na programu iliyojisakinisha kwenye kompyuta za Windows na kujificha humo. Mwezi Oktoba mwaka huo mtaalamu Mark Russinovich alieleza hadharani jinsi ilivyofanya kazi. Ilibainika kwamba virusi viliweza kujificha mahali hapohapo, na mwezi Novemba kampuni iliziondoa CD hizo sokoni.

Kinga nyingine ilitoka kwenye programu za kunakili. Matoleo ya zamani ya Windows Media Player yalikuwa na kisanduku cha kuwekea nyimbo kinga. Kikiwa na alama ya tiki, mafaili ya WMA yaliyotengenezwa yalihitaji leseni iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ileile. Kompyuta ikiharibika, au Windows ikisakinishwa upya, mwenye CD aliweza kubaki na mafaili yasiyofunguka. Tiki ikiondolewa kabla ya kunakili, mafaili huwa huru.

Namna ya kunakili

Programu zinazotumika ni pamoja na Exact Audio Copy kwa Windows, fre:ac kwa mifumo mbalimbali na cdparanoia kwa Linux. Hatua za kawaida ni hizi:

1. Kuifuta CD kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda ukingoni na si kwa kuzunguka.
2. Kuchagua umbo la faili. MP3 hubana sauti kwa kupoteza sehemu yake. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja huchukua takriban megabaiti moja. FLAC hubana bila kupoteza chochote, na mara nyingi faili huwa karibu nusu ya ukubwa wa awali.
3. Kuhakikisha kinga ya kunakili haijawashwa.
4. Kuandika majina ya nyimbo na wasanii. Programu nyingi huyatafuta kwenye hifadhidata za intaneti kama MusicBrainz. Albamu isiyomo huandikwa kwa mkono.
5. Kusikiliza mafaili na kuweka nakala mahali pengine kabla ya kuihifadhi CD.

Nakala ya FLAC hufaa kwa hifadhi ya muda mrefu, kwani MP3 inaweza kutengenezwa kutokana nayo wakati wowote. Jambo hilo ni muhimu zaidi kwa CD zilizochomwa, kwa sababu rangi inayobeba data huharibika kwa jua, joto na miaka.

Sheria nchini Tanzania

Kukosekana kwa kufuli hakumaanishi ruhusa ya kila matumizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wanamuziki Tanzania Bara, nayo husimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA. Sheria ya 1999 inaruhusu, kwa masharti, kunakili kwa matumizi binafsi. Kwa mfano, mkazi wa Nangara mjini Babati anayehamishia kwenye simu yake CD ya kwaya aliyoinunua yuko katika hali tofauti na mwenye kibanda anayewajazia wateja nyimbo hizohizo kwenye flashi kwa malipo. Huyo wa pili anahitaji idhini ya wenye haki.

Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu, zilizosaidia kutofautisha nakala halali na za wizi. Mwaka 2023 ilianzishwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kunakili au kuhifadhi kazi za sanaa, ili wasanii wapate sehemu ya thamani ya kunakiliwa kwa kazi zao.