Mtoto wa Kambo na Ardhi ya Buha

Kwa nini mtoto wa kambo hapati shamba la baba aliyemlea? Huko Kakonko, Kibondo na Kasulu, katika Buha, nchi ya Waha, jibu ni jepesi: ndiyo mila. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ukoo wa Buha hufuata baba, na mahari ndiyo yaliyoamua mtoto ni wa nani. Lakini zamani kurithi haikuwa njia pekee ya kupata ardhi. Katika falme za Buyungu, Muhambwe na Heru, mwami (mfalme) na watwale wake (watawala wadogo) waliweza kumpa eneo mtu aliye tayari kulima na kuwatii. Aliyenyimwa na ukoo alikuwa bado na mahali pa kuomba. Mila ilimnyima jina la ukoo. Kumnyima ardhi kabisa ni kazi ya historia ya karibuni.

Historia hiyo ilianza na kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Buha haikuwa na zao kubwa la biashara, hivyo wanaume wengi walikwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kutafuta fedha. Wengine walikaa miaka, wengine hawakurudi. Mke aliyeachwa akiolewa tena, watoto walikulia kwa mwanamume mwingine, mbali na ukoo wa baba yao. Kijana wa namna hiyo alipofikia umri wa kutozwa, alilipa kodi ya kichwa sawa na mtoto wa kuzaa, kwa kuwa serikali haikujali damu. Ukoo ulijali damu siku ya mirathi tu.

Mwaka 1963 mambo mawili yalikutana. Utawala wa machifu ulifutwa, ukiwemo wa Mwami Theresa Ntare wa Heru, na serikali ikatangaza kwa maandishi sheria za kimila za urithi kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba: wana wa kiume mbele, mabinti nyuma, na mjane asipate fungu ndugu wa ukoo wakiwapo. Aliyeweza kugawa ardhi akaondoka, na kanuni ya kuzuia ikabaki kwenye karatasi. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilipohamisha watu na kuwakusanya pamoja, shamba lililo karibu na makazi likawa mali ya kugombewa.

Wapo watakaosema mtoto wa kambo ana baba yake, na akirithi kwa mlezi pia atarithi mara mbili. Hoja hii ina nguvu pale tu ukoo wa baba unapomtambua na kumpa shamba. Kwa mtoto wa manamba asiyerudi, mara mbili hiyo mara nyingi ni sifuri mara mbili. Wengine watasema sheria imekwisha kumlinda. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mwanamume aliyempokea mtoto katika familia yake amtunze akiwa mdogo, wazazi wake wakishindwa. Lakini wajibu huo ni wa matunzo, haumfanyi mtoto kuwa mrithi. Hata Jaji Mwalusanya, alipoitetea mahakamani Mwanza mwaka 1990 haki ya mwanamke wa Kihaya juu ya ardhi ya ukoo, alizungumzia binti wa damu.

Hazina ya serikali haina cha kupoteza hapa, maana Tanzania haitozi kodi ya mirathi. Kikwazo ni kanuni, na kanuni ina mlango: wasia. Sheria ya kimila inakubali hata wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Sheria ya Kiislamu inaruhusu hadi thuluthi kwa asiye mrithi. Anayetaka kumlinda mtoto aliyemlea asisubiri hisani ya ndugu baada ya matanga. Na bunge, likirekebisha sheria ya urithi, lingetenda haki kwa kuuliza ni nani aliyelima shamba hilo pamoja na marehemu, badala ya kuishia kuuliza ni nani aliyemzaa.