Hasara ya Njia ya Katanga Ilimwangukia Nani

Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu katika Katanga ya Juu, hutajwa kwa ufupi sana katika historia: kituo cha wakoloni kabla ya Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Lakini kabla ya bendera ya Ulaya kupandishwa huko, ng'ambo ya mto Lufira, Bunkeya ilikuwa kitovu cha biashara kubwa. Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alikuwa amejenga huko utawala wa Bayeke. Pembe, shaba iliyosubuliwa kwa umbo la msalaba, chumvi na watumwa vilitoka kwake kwa njia mbili: ya magharibi kupitia Bihé hadi Benguela, na ya mashariki kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo na Unguja. Nitaishika hii ya mashariki, kwa sababu wengi wa wafanyabiashara wake walikuwa Waislamu, na dini yao ilikuwa imekwisha kujibu swali ambalo kila mwenye mali angependa kulikwepa: mtaji ukipotea, hasara ni ya nani?

Fikihi inayo njia ya mudharaba, ambapo mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi. Faida wanagawana kwa kadiri walivyopatana. Hasara, ikiwa mfanyakazi hakufanya hiana wala uzembe, ni ya mwenye mtaji. Mfanyakazi amekwisha kupoteza jasho lake, na hilo linatosha. Msafara wa bara haukuendeshwa hivyo. Tajiri wa Unguja, kama Taria Topan aliyemkopesha mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, alitoa merikani, kaniki, ushanga, masango na baruti kwa mkopo, kwa bei iliyopandishwa kwa sababu ya muda, na alitarajia kulipwa kwa pembe zilizopimwa kwa frasila, yaani kilo 16 hivi kila moja. Wapagazi wakitoroka, ndui ikiingia kambini, mtumbwi ukizama na mizigo, deni lilibaki palepale. Atasema mtu kwamba kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu ni halali kwa wanazuoni wengi, na kwamba hiyo si riba. Ni kweli, nami silipingi. Lakini Kurani, mara baada ya aya za riba, inamwagiza mdai ampe nafasi mdaiwa aliyebanwa, na katika mafungu ya zaka imeweka fungu la waliolemewa na madeni. Uhalali wa mkataba haukumwondolea tajiri wajibu wa kutazama mdaiwa wake anakwenda kulipa kwa kitu gani.

Alikwenda kulipa kwa watu. Hapa ndipo hoja yangu ilipo: hasara ambayo tajiri hakutaka kuibeba haikutoweka, ilisukumwa bara, kutoka kwa mkopeshaji hadi kwa mwenye msafara, na kutoka kwake hadi kwa kijiji. Mnamo 1867 Tippu Tip alimpiga mtawala Nsama wa Itabwa, kati ya maziwa ya Tanganyika na Mweru, akabeba pembe nyingi na shaba ya Katanga. Mwenyewe alisimulia kwamba Nsama ndiye aliyeanza kwa hila, na huenda ni kweli. Hata hivyo, mtu mwenye deni la Unguja na bunduki mkononi hakosi sababu ya vita. Kuhusu watumwa, hoja ya kwamba zama zile ziliruhusu utumwa haitoshi, maana hatuhitaji kipimo cha leo. Hadithi ya Mtume inamtaja mtu anayemuuza muungwana na kula thamani yake kuwa miongoni mwa wale ambao Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Kipimo hicho kilikuwa cha wafanyabiashara wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mali hutoka kwa Mungu na kurudi kwake, hivyo aliyepoteza asubiri. Subira ni faradhi ya moyo, na Kurani imetaja wazi kupungukiwa na mali kuwa mtihani. Lakini haikuishia hapo. Katika Suratul Qalam kuna wenye shamba walioapa kuvuna alfajiri ili maskini wasiingie kwao, na usiku shamba likateketea. Walipofika walidhani wamepotea njia. Kisha wakasema wamenyimwa. Kisha wakalaumiana. Mwisho ndipo wakakiri kwamba walikuwa wamepindukia mipaka, wakatumaini kwa Mola wao kupewa badala iliyo bora. Subira isiyofika kwenye hatua hiyo ya nne huishia kwenye ile ya pili, ya kusema tumenyimwa, na humwacha mtu na chumo lilelile.

Hesabu ya Bunkeya ilifika 1891. Basanga, wenyeji waliochoshwa na utawala wa Msiri, waliasi. Msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na Kampuni ya Katanga na kuanzia Unguja kwa wapagazi wa pwani, ulifika Desemba, na tarehe 20 Msiri aliuawa kwa risasi za Omer Bodson, ofisa wa msafara huo, ambaye naye alifia hapo. Njaa iliyokuwa imekwisha kuanza ikaua watu wengi, na mwana wa Msiri, Mukanda Bantu, akahamia na watu wake upande wa Lofoi na Lukafu. Ni kweli Msiri hakuwa Mwislamu, na baruti nyingi ilimfikia kutoka magharibi, kwa watu wasiomjua Mtume. Hilo linagawa lawama, halimfutii muuzaji wa mashariki sehemu yake. Mwaka 1900 ikaundwa Kamati Maalumu ya Katanga, iliyoendesha shughuli zake kutoka Lukafu mpaka 1910 makao yalipohamia Elisabethville. Mapato yake yaliandikwa vizuri: theluthi mbili za Dola Huru ya Kongo, theluthi moja ya Kampuni ya Katanga. Wakulima wa bonde la Lufira hawakuwekewa fungu lolote la faida, nao ndio waliotakiwa kutoa chakula na wapagazi.